Kombe la Saba na Nane

Mlandizi, Kibaha
16 Februari 1953

Kwa mjomba wangu, Mwalimu Mwinyimadi, Masaki, Kisarawe.

Shikamoo mjomba. Mkazamjomba Mwanamvua naye mpe shikamoo yake, umwambie kisamvu chake nakiota. Mimi ni mzima, ila mgongo bado unalia kwa lile lori la mkaa lililonileta. Wajukuu hawajambo? Chuo chako cha Kurani kinaendeleaje? Wanafunzi bado wanajaa mpaka barazani kama enzi zetu?

Mjomba, nimefika. Shule yenyewe ni banda la makuti lenye vyumba viwili katikati ya mikorosho, mbali na barabara kubwa. Mwalimu mkuu ni Bwana Mfaume, ambaye cheti chake amekitundika ukutani ili kila anayeingia akione kabla hajamwona mwenyewe. Yeye ana darasa la pili na la tatu. Mimi nimepewa la kwanza. Siku njema wanakuja watoto ishirini na kitu, lakini ndege wakishuka kwenye mpunga wote wako shamba, nabaki na wanne na mbwa wa jirani.

Hapa mimi ni mwalimu wa mazoezi, yaani nusu mwalimu. Katikati ya mwaka atakuja Bwana Mkaguzi, akae nyuma ya darasa langu aandike maneno yake. Akiandika mazuri, Januari narudi chuo cha ualimu kumaliza, nipate cheti. Akiandika mabaya, chuo ndiyo basi. Basi mjomba, situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natamani kuondoka. Kila lori likinguruma kule barabarani nafikiria kulidandia, liende liendako.

Na hili jina la mwalimu linanitia taabuni. Wenyeji wa huku mwalimu wanayemjua ni wa namna yako. Juzi nimeitwa matangani nikasome hitima. Jana nimeletewa jogoo nichinje. Mzee mmoja ameniomba nimtazamie nyota yake kabla hajaoa. Watoto nao wote wamepitia kwa walimu kama wewe, basi daftari wanalifungua kwa nyuma na kuandika wanaanzia kulia. Nikimwambia mtoto "anzia huku", ananitazama kama nimemwamuru ale kwa mkono wa kushoto.

Tena kuna jambo linanikera. Jioni naandika ubaoni hesabu za kesho. Asubuhi nakuta ubao umeoshwa, bado una majimaji. Nimewagombeza watoto, nimewasimamisha juani, hakuna anayesema. Nikimkamata huyo, atanitambua.

Mpwa wako,
Twalibu Mwinjuma


Masaki, 20 Mfungo Tisa, ambayo kwenu watu wa Serikali ni Machi 6

Kwa mpwa wangu Twalibu.

Marahaba, na salamu za wote waliomo ndani ya ua huu zikufikie. Wabaadu, mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Mkazamjomba wako anasema kisamvu hakitumwi kwa barua, ukikitaka njia unaijua. Umeuliza habari za chuo. Chuo kipo.

Unalia kwamba watu wanakuita mwalimu. Unalia nini? Si ulilitaka mwenyewe jina hilo? Mimi nilikaa mbele ya mwalimu wangu mpaka ndevu zikaniota, nikamlimia, nikamchotea maji, ndipo akaniruhusu kufungua msahafu mbele ya watu. Wewe umekaa kidogo kwenye madawati, umepewa kipande cha chaki, unasema nusu mwalimu. Nusu mwalimu ndiyo nini? Kuna nusu udhu? Mtu ama anao ama hana. Mwalimu katika ukoo huu ni mmoja, na bado anapumua.

Na hiyo hitima, uliisoma au hukuisoma? Hukusema. Kama hukuisoma, basi fimbo zote nilizokuchapa zimekwenda bure.

Habari ya ubao, acha kuwaadhibu watoto wa watu kwa jambo hujaliona kwa macho yako. Amka mapema ukatazame.

Mkeka wako bado upo pale pale, upande wa dirisha. Sijamruhusu mtu kuukalia.

Mjomba wako,
Mwinyimadi


Mlandizi, Kibaha
2 Aprili 1953

Shikamoo mjomba, na wote nyumbani nawasalimu mmoja mmoja, na mbuzi mapacha pia. Masika yameanza huku, makuti ya darasa yanavuja, nafundisha nikihamahama kama kuku.

Kwanza, hitima niliisoma mwanzo hadi mwisho, na wali niliula. Pili, barua yako imenipa kazi. Mistari imepandana, wa tatu umelala juu ya wa pili, nimeisoma nikiigeuzageuza juani. Khati yako wewe, mjomba! Watu walikuwa wanakuja kuitazama tu wakaenda zao. Kalamu imeharibika, au kuna jingine?

Sasa sikia. Nilifuata neno lako. Nilipomaliza kuswali alfajiri nikaenda moja kwa moja shuleni, fimbo mkononi. Nikamkuta mwanamke, bakuli la bati mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, anaosha ubao taratibu na yale maji anayakinga bakulini, hata tone lisianguke.

Mjomba, fimbo yenyewe sikujua niiweke wapi.

Anaitwa Mboni. Mumewe ni kibarua wa mkonge, nyumbani yupo kwa nadra. Aliponiona alipiga magoti. "Shikamoo mwalimu," ananiamkia mimi, na ana umri wa kuwa dada yangu mkubwa. "Usinikasirikie. Salumu wangu ana homa, inakuja inaondoka. Nilitaka kukuomba kombe, nikaona haya, wewe mgeni. Nikaona mbona maandishi yako yanalala hapa bure kila siku? Nikasema nichukue kidogo."

Nikamuuliza, "Mtoto amekunywa?"

"Tangu mwezi uliopita, mwalimu. Na amepata nafuu. Jana amekula ugali wa bada, akadai tena."

Unajua kilichokuwa ubaoni? Saba na nane, kumi na tano. Wewe kombe lako unaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ukiwa na udhu wako, unaziosha kwa maji, mgonjwa anakunywa maneno ya Mungu. Huyu mtoto amekunywa hesabu ya kujumlisha!

Nilitaka kumwambia pale pale. Nikamtazama uso ulivyong'aa, nikaliacha. Nikamwambia aende na mtoto dispensari, akasema ndiyo mwalimu, akaondoka na bakuli lake kalifunika kwa upande wa kanga.

Habari zikaenea. Sasa kila alfajiri kuna wanawake na bakuli mlangoni. Na watoto, mjomba, watoto wamejaa! Mzazi anayetaka maji anaona aibu kumficha mtoto shamba, basi anamleta. Wanakaa hadi nje. Nimemweleza Bwana Mfaume, akacheka mpaka machozi, halafu akawa mkali: "Funga mdomo wako hadi Mkaguzi apite. Unataka darasa lijae au hutaki? Ukishapata cheti utawaambia utakalo."

Tangu hapo kila nikishika chaki naandika, nafuta, naandika tena. Nikinyamaza, napata cheti kwa uongo. Nikisema, darasa linavunjika. Na huyo Salumu, homa yake ikirudi? Nifanyeje? Wewe ndiye mwenye kombe la kweli, nishauri. Nijibu upesi, nakuomba.

Twalibu


Masaki, 18 Shaabani, yaani Mei 2
Kwa mkono wa Abeid, karani wa baraza

Kwa Twalibu.

Salamu. Usishangae kuona herufi za Kizungu. Nimeumia kidole gumba kwa jembe, basi nasema na Abeid anaandika. Anaandika kila kitu, hata nikikohoa. Nyumbani salama, mihogo imeshika.

Kwanza, nimekasirika. Astaghafirullahi! Watu wazima na akili zao wanakunywa chaki! Kombe lina adabu yake, lina nia yake. Nimekasirika mpaka mkazamjomba wako akaniuliza nimekosana na nani.

Sasa hasira zimepoa, sikiliza ushauri. Usiwaambie kitu. Watu hawa wamekuamini, na imani ikishavunjika haiungwi kwa gundi. Nikufundishe jambo ambalo sikukufundisha ulipokuwa kwenye mkeka wangu, kwa kuwa ulikuwa mdogo na mdomo wazi. Mimi kila ninayemwandikia kombe namwambia: kunywa, na leo hii hii nenda dispensari kwa dresa ukachomwe sindano, usipokwenda kombe halishiki. Wanakwenda mbio. Wangapi wamepona hapa Masaki na Kibuta, na sifa nimepewa mimi! Nawe mwambie Mboni hivyo hivyo: maji ya ubao hayafanyi kazi bila sindano. Mtoto atatibiwa, darasa litajaa, na Mkaguzi wako atafurahi. Hakuna atakayepoteza.

Ni hilo tu. Barua hii nampa dereva wa lori la mkaa aifikishe.

Mwinyimadi


Mlandizi, Kibaha
11 Mei 1953

Shikamoo mjomba. Nawaombea heri ya mwezi mtukufu, kesho kutwa tunaanza kufunga nasikia.

Hujanijibu. Kila lori linalosimama naliendea, madereva wamenichoka. Mjomba, una nini? Ni hasira? Kama ni hasira niandikie matusi, ilimradi uandike.

Homa ya Salumu imerudi, na mara hii ni kali. Jana kakamaa, macho juu, wanasema degedege. Mboni haendi dispensari. Anasema maji yalimponya mara ya kwanza na mara hii yatamponya, labda mwalimu aandike kwa herufi kubwa zaidi. Amenipigia magoti niandike kwa herufi kubwa! Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi huu. Bwana Mfaume ananipita ananigusa mdomo kwa kidole: kimya.

Sili, silali. Nimelifunga sanduku langu mara mbili na kulifungua mara mbili. Kama jibu lako halitafika kesho, nitafanya nitakavyojua mwenyewe.

Twalibu


Mlandizi, Kibaha
20 Juni 1953

Shikamoo mjomba, na Idd njema ingawa imepita. Mkazamjomba mwambie sikushona kanzu mwaka huu, nilivaa ileile. Huku tu wazima.

Nakueleza yaliyotokea kwa mpango, nisije nikalia katikati.

Kulipokucha, baada ya barua yangu ile, nilikuta wanawake na bakuli zao mlangoni kama kawaida. Mboni alikuwa mbele, Salumu mgongoni. Shingo ya mtoto haikai. Nilimgusa, nikatoa mkono upesi, alivyokuwa anawaka. Mama yake ananyoosha bakuli lililojaa, "Mwalimu, lisomee kidogo kabla hajanywa."

Nikalichukua. Nikalimwaga chini.

Mjomba, walivyoguna! Nikasema kwa sauti, nilikuwa napiga kelele hasa: "Hii ni saba na nane! Kumi na tano! Ni hesabu, hakuna aya hapa, hakuna dawa, ni chaki tu! Mimi sijui kuponya mtu. Mtoto huyu anakufa, apelekwe kwa dresa!" Nikaichukua baiskeli ya Bwana Mfaume bila kumwomba, nikampakia Mboni na mwanawe, nikasukuma na kukanyaga kwenye tope lile mpaka dispensari ya barabarani. Dresa alimtazama akasema mngechelewa kidogo tu mngekuja na jeneza. Akamchoma sindano. Mboni njia nzima alikuwa analia, na sikujua analilia mtoto au bakuli.

Salumu yu hai. Alhamdulillahi, hilo ndilo jema, na mabaya ni haya yafuatayo.

Kesho yake darasa lilikuwa tupu. Mzee yule wa nyota alinijia, mpole kabisa, akaniambia: "Kijana, hatukuchukii. Lakini umesema mwenyewe mbele ya wake zetu kwamba maandishi yako ni chaki tupu. Sasa kama ni chaki tupu, watoto wetu wakafuate nini huko?" Na kumwaga lile bakuli ndiyo kosa kubwa kuliko yote, wanasema hata kama halikuwa kombe, lilimwagwa kama kombe. Tangu siku hiyo hawaniiti mwalimu. Naitwa "yule kijana wa Serikali".

Mkaguzi alikuja. Alinikuta na watoto tisa, saba kati yao wa ukoo wa Bwana Mfaume, wameletwa kwa mkono. Akauliza darasa liko wapi. Nikasema mpunga. Akaandika. Jibu limekuja: Januari sirudi chuoni, kwa kuwa sina uwezo wa kuwavuta wanakijiji. Nikitaka naweza kubaki hapa bila cheti, nikaguliwe tena mwakani. Bwana Mfaume hanisemeshi, na baiskeli yake anailaza chumbani.

Wiki moja baada ya Mkaguzi, dereva akaniletea barua yako. Ilikuwa chini ya kiti chake wakati wote huo, inanuka mafuta ya taa. Nimeisoma, nikaitupa, nikaiokota. Mwambie aende kwa dresa, usipokwenda maji hayashiki! Kitu chepesi hivyo! Mtoto angepona, darasa lingejaa, na mimi ningekuwa na cheti. Kwa nini uliandika Mei, mjomba, wakati mimi nilikuuliza tangu mwanzo wa Aprili? Barua yangu uliipata lini? Sikupata kukupandishia sauti maishani, leo nakupandishia. Ulikuwa unangoja nini?

Na hiyo khati ya Abeid. Kidole gumba hakiumi tangu mistari ilipopandana mwezi wa tatu. Niambie kweli.

Sijui nikae au niondoke. Kuna mtu ananiita Dar es Salaam nikawe karani wa duka. Kuna utingo wa lori anasema wanatafuta mwenzake. Na kuna mkeka wangu, upande wa dirisha.

Twalibu


Masaki, 12 Mfungo Pili, Julai 23
Kwa mkono wa Abeid

Kwa Twalibu.

Salamu, na huku ni wazima. Mkazamjomba wako amekaanga korosho, anakuwekea.

Umeuliza kwa nini nilichelewa. Nilikuwa na shughuli, na ile yako ya Mei nikadhani imepishana na yangu. Umeuliza khati. Bega linaniuma, halinyanyuki, na ukija usiniulize tena.

Njoo nyumbani. Kushindwa huko si aibu, walikushinda watu wasiojua kutofautisha zafarani na chaki. Hapa watu wanajua. Utakaa nami, utashika watoto wa msahafu, mimi nitapumzika, na nitakapoondoka duniani chuo ni chako. Hapo utaitwa mwalimu na hakuna mkaguzi atakayekuja kukaa nyuma yako. Lori la mkaa linapita kila Jumatatu.

Mwinyimadi


Mlandizi, Kibaha
30 Agosti 1953

Shikamoo mjomba. Idd ya kuchinja ilikuwa njema kwenu? Huku Bwana Mfaume alichinja mbuzi na akaniletea paja, basi nadhani tumepatana, ingawa baiskeli bado inalala ndani.

Barua yako ilinikuta nimekwisha funga sanduku. Nakwambia kweli, nilikuwa nakuja. Jumatatu ile niliamka mapema, nikabeba sanduku kichwani, nikasema nipitie shuleni kuacha ufunguo.

Nikamkuta Mboni mlangoni. Hakuwa na bakuli. Alikuwa na Salumu, amemshika mkono, mtoto amekonda shingo imekuwa kama ya kuku lakini amesimama kwa miguu yake, amevaa kanzu iliyoshonwa kwa gunia la unga. Mboni akalitazama sanduku kichwani kwangu, akatazama kando.

Akasema, "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nilimnywesha nini mwanangu?"

Nikatua sanduku. Nikachukua chaki nikamwandikia: saba, alama ya kujumlisha, nane, kumi na tano. Nikamsomea nikimwonyesha kwa kidole. Akarudia mwenyewe. Akarudia tena. Akasema, "Ni hilo tu?" Nikamwambia ni hilo tu. Akacheka, mjomba, alicheka mpaka akajishika ukutani, na mimi nikacheka, na nilikuwa sijacheka tangu masika. Alipotulia akasema: "Basi mfundishe, ajue mwenyewe alichokunywa. Asije akanyweshwa asichokijua tena." Akamwacha, akaenda zake shambani.

Ningefanyaje? Nikamkalisha mbele. Walikuwepo watoto sita siku hiyo. Nikasema nianze na lililo jepesi, nikauliza, "Saba na nane ni ngapi?" Wote wakaanza kuhesabu vidole. Salumu, ambaye hajapata kukanyaga shule, akanyoosha mkono, maana alimsikia mama yake pale mlangoni. "Kumi na tano." Nikamuuliza ulijuaje? Akanijibu, bila hata kutabasamu: "Hiyo niliinywa, mwalimu."

Mwalimu, ameniita.

Sasa wako kumi na wanane. Wanakuja mmoja mmoja, mama zao wanasimama kwanza mlangoni kusikia ninasema nini, na yule mzee wa nyota amekuja mwenyewe akakaa na wajukuu wake asubuhi nzima. Hawaji kwa ajili ya maji. Ubao haujaoshwa na mtu ila mimi.

Mjomba, siji. Nisamehe, na nisamehe kwa sauti niliyokupandishia. Nabaki mwaka huu mwingine bila cheti, aje Mkaguzi anikute. Mkeka mpe mtoto mwingine akalie. Lakini likizo nakuja, na nitakuuliza habari ya bega hata kama umenikataza.

Twalibu


Masaki, 5 Mfungo Nne, Septemba 14
Kwa mkono wa Abeid

Mwalimu Twalibu,

Salamu nyingi, na mkazamjomba wako anakusalimu, korosho amewapa wajukuu kwa hasira kwa kuwa huji. Mmoja wa wale mbuzi mapacha ameliwa na fisi.

Barua yako nimeipata. Nimefikiri sana juu ya lile bakuli. Ningekuwa mimi, nisingemwaga. Ningedanganya, na ningefanikiwa, na yule mama angebaki na bakuli lake maisha yake yote. Sijui ni lipi bora. Nimeandikia watu kombe miaka mingi, hakuna hata mmoja aliyepata kurudi kuniuliza nilimnywesha nini.

Usiwe na wasiwasi na chuo. Msahafu ninao kifuani, hata taa ikizimika nasomesha. Mtoto akikosea nasikia. Mkeka nimempa Zena, mjukuu wa jirani, ana sauti nzuri na ulimi mrefu kama wako.

Niliwahi kukuandikia kwamba mwalimu katika ukoo huu ni mmoja. Hesabu zilinishinda. Moja na moja ni ngapi, mwalimu? Uniandikie jibu.

Mjomba wako,
Mwinyimadi

Ndugu Twalibu, hapa naongeza mimi Abeid, na mzee hajui. Amenikataza kukwambia, lakini mimi si mpwa wake, siogopi fimbo. Bega lake ni zima, na gumba lake halijapata kuumia. Macho ndiyo yamekwisha. Barua yako ile ya Aprili aliiweka chini ya mto karibu mwezi mzima, kwa kuwa hakuweza kuisoma na hakutaka mtu yeyote ajue. Mpaka mkewe aliponiita kwa siri. Ndiyo maana jibu lilichelewa, na anajua lilikugharimu nini. Ulipomuuliza alikuwa anangoja nini, alinisimamisha kusoma, akatoka nje, akakaa huko mpaka adhuhuri.

Hii barua yako ya mwisho amenitaka niisome tena na tena, hasa pale pa "niliinywa". Kisha akaichukua, akaketi nayo barazani mbele ya wanafunzi wake, akaisoma kwa sauti yote bila kukosa neno. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Watoto waliona, na hakuna aliyecheka.